Siki ya Mama Klara

Harufu ya siki huingia puani bila kubisha hodi. Watoto wangu wakiisikia huziba pua na kukimbilia sebuleni, na mume wangu, mtu mpole asiye na tabia ya kulalamika, huuliza kwa adabu kama leo tena ndiyo siku ya kufungua ule mtungi. Ndiyo, leo tena. Upo kwenye kona ya jiko langu hapa Sib, pembeni mwa Maskati, mtungi wa udongo wenye tumbo pana, umefunikwa kitambaa cheupe na kufungwa uzi shingoni. Kila nikiinua kitambaa kile na ukali ule ukanipanda hadi machoni, siwi tena mwanamke wa makamo mwenye kazi ofisini na foleni ya magari inayomngoja asubuhi. Nakuwa mtoto wa mtaa wa Ghubra, miguu peku, nimesimama chini ya dirisha la jirani nikimsubiri Bibi aseme kama tayari au bado. Wenzangu wakikumbuka utoto wao hukumbuka halua na ubani. Mimi nimejaaliwa siki, na siki yenyewe ilianza na mvinyo wa Kifaransa, jambo ambalo nikilisimulia kwenye mikusanyiko ya ukoo wetu watu kwanza hushtuka, kisha husogeza viti karibu.

Katika miaka ya tisini Ghubra ilikuwa bado na nafasi. Kati ya nyumba na nyumba palikuwa na viwanja vya mchanga tulivyovifanya vyetu, na jioni upepo wa baharini ulipita humo ukileta harufu ya chumvi na ya samaki anayekaangwa kwa watu. Nyumba yetu ilikuwa na ukuta mweupe, lango la chuma la rangi ya kijani na ua wa saruji ambao Bibi aliumwagia maji kila alasiri ili upoe. Bibi ni mama yake baba. Alikuja Maskati akiwa mtu mzima, ameacha Pemba shamba la mikarafuu alilorithi kwa babake, na ingawa miaka mingi ilikuwa imepita alilizungumzia kama mtu aliyetoka jana na kusahau kufunga mlango. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kununa, na alikuwa na pua ambayo nyumba nzima tuliiogopa. Alijua nani amekula nini na wapi. Wanawake wa mtaa walimletea udi na mafuta awachanganyie, maana bukhuri ya Bibi ilikaa kwenye nguo mpaka nguo ifuliwe mara ya pili.

Nyumba ya upande wa pili wa ukuta ilipangishwa, na siku moja wakahamia Wafaransa. Tuliwaona wakishusha masanduku, baba mrefu, mama mwenye kofia ya ukindu, na msichana wa rika langu ambaye uso wake ulikuwa umeshaiva kwa jua. Tukadhani ndiyo basi, watakuwa watu wa kupungiana mikono kupitia kioo cha gari. Kesho yake alasiri ikasikika sauti langoni, "Hodi! Hodi hapa!" na Bibi, aliyekuwa amekaa akichambua mchele, akajibu "Karibu" bila kuinua kichwa. Aliponyanyua macho akamwona yule mama wa kofia, sinia likamteleza mapajani.

"Alaa! Na wewe mzungu wa wapi, mwanangu?"

"Mzungu wa Tanga, mama. Shikamoo."

Bibi alicheka siku ile mpaka mama yangu akamletea maji. Kumbe mume wa yule mama alikuwa mhandisi wa mitambo ya maji, sasa anafanya kazi kwenye kiwanda kimoja huko Rusayl, nje ya mji, lakini kabla ya hapo waliishi Tanga miaka kadhaa na binti yao alianza kutembea hukohuko. Kiarabu hawakukijua hata cha kununulia mkate. Kiswahili walikuwa nacho, cha bara kidogo na cha sokoni sana, na Bibi hakuchoka kukirekebisha. Binti aliitwa Klara, kwa hiyo mama yake akawa Mama Klara, na jina lake jingine sidhani kama mtu yeyote nyumbani kwetu aliwahi kulitumia. Mimi na Klara hatukuachana tena. Tulisoma shule mbalimbali lakini tukishateremka kwenye mabasi yetu mtaa mzima ulikuwa wetu, na lugha yetu ilikuwa mchanganyiko ambao ni sisi wawili tu tulioujua wote.

Kilichowaunganisha Bibi na Mama Klara kilikuwa shamba. Mama Klara alizaliwa katika familia inayotengeneza mvinyo mweupe, huko kwao kwenye bonde la mto Loire, na kazi hiyo waliifanya kuanzia babu wa babu yake. Walikuwa na kilima kimoja cha mizabibu na ghala lililochimbwa ndani ya mwamba, baridi wakati wa joto na vuguvugu wakati wa baridi. Bibi hakutaka kusikia habari za ulevi, na Mama Klara hakuwa mtu wa kuzileta. Alimweleza mambo ambayo Bibi aliyajua tayari kwa namna yake. Namna mvua ikinyesha wiki ya kuchuma inavyowatia watu simanzi. Wachumaji wanavyoimba na kuchokozana. Mikono inavyobaki na harufu ya zao hilo hata baada ya kuoga. Bibi naye akaeleza karafuu zinavyoanikwa juu ya majamvi na kukimbiliwa mbingu ikifunga, na jinsi mji mzima unavyonukia hata mgeni aliye baharini akajua amekaribia. Walikaa kwenye mkeka alasiri nzima, kikombe cha kahawa kinapokezanwa, kila mmoja akitembea shambani kwake.

Tofauti ilikuwa moja. Shamba la Bibi lilikwisha kwenda, la Mama Klara lilikuwa linamngoja. Alikuwa mtoto pekee. Babake alikuwa mzee, mjane, bado akipogoa mizabibu kwa mkono wake, na alikwisha kumwambia binti yake kwamba atakishikilia kilima kile mpaka yeye arudi. Mkataba wa mumewe ulikuwa unamalizika mwisho wa kiangazi. Wakiondoka hapo watafika kwao kwa wakati wa kuchuma, na Mama Klara atakuwa ndiye mwenye shamba. Asiporudi, mzee hana mtu mwingine wa kumwachia, atauza. Hayo Mama Klara aliyasema waziwazi, kila wiki, kwa furaha ya mtu anayehesabu siku za harusi yake. Mimi niliyasikia na moyo ukanishuka, kwa sababu shamba likipona mimi nampoteza Klara. Nilikuwa mtoto. Niliswali nikaomba kiangazi kisiishe.

Klara ndiye aliyetuletea mchezo wa vikombe. Kwao, alisema, watoto hawafundishwi kuonja, hufundishwa kunusa kwanza. Babu yake huweka vitu ndani ya vikombe, anavifunika vitambaa, na mtoto hufumbwa macho akatakiwa aseme kilichomo. Tukaanza kucheza uani kwetu. Tuliweka hiliki, sabuni, majani ya ndimu, penseli iliyochongwa, kamba ya mvuvi tuliyoiokota ufukweni. Mama Klara alipata karibu vyote. Kisha Bibi, aliyekuwa akitutazama kwa dharau, akasema naye tumfumbe macho. Hakukosa hata kimoja, na kwenye kikombe cha mchanga akasema mchanga huu si wa hapa uani, ni wa kule kwenye kona ambako paka hulala. Mama Klara akampigia makofi. Akasema babake angemwajiri Bibi siku hiyohiyo. "Nimfanyie kazi gani, na mie mvinyo siunywi?" Bibi akauliza, na Mama Klara akajibu kwamba babake mwenyewe huunusa siku nzima na kuutema, anayekunywa kazini hana kazi. Jibu hilo lilimpendeza Bibi kupita kiasi. Akauliza, basi huo wa kwenu unanukia nini? Mama Klara akafumba macho. Asali, akasema, lakini si ya kulamba, ile inayobaki kwenye nta. Maua ya babunaji yaliyokauka. Tunda fulani la kwao ambalo hakulipatia jina letu. Na mwisho, jiwe.

"Jiwe lina harufu?" Bibi akauliza kwa ukali, kama mtu anayetaka kuuziwa kitu kibovu.

Wiki hiyohiyo mvua ikanyesha, mvua ya Maskati, ambayo ikija huja yote. Milima ile iliyo nyuma ya mji, mikavu na myeusi, ililowa kwa mara moja tu mwaka ule, na hewa ikajaa harufu ambayo kila mtu wa hapa anaijua na hakuna anayeisemea. Bibi alitoka uani na shela kichwani, akasimama. Kisha akaenda ukutani akaita kwa sauti, "Mama Klara! Nnaisikia! Jiwe!" na upande wa pili tukasikia mtu akicheka peke yake jikoni.

Ikakaribia Iddi kubwa, ile ya kuchinja. Bibi alimwambia Mama Klara maneno ambayo huwaambia wote: siku ya Iddi usije mikono mitupu, niletee kitu kizuri cha kwenu. Alikuwa akifikiria keki, au jamu, au angalau kitambaa. Nyumbani kwetu kulikuwa na shughuli. Nyama ya shuwa ilikwisha kupakwa viungo na siki, ikafungwa kwenye majani ya mgomba, ikafukiwa kwenye shimo la makaa pamoja na za majirani, na asubuhi ya Iddi pili baba na wanaume wa mtaa walikuwa wametoka kuifukua, wananukia moshi na wanaona fahari. Mama Klara akaja langoni amevaa gauni refu la heshima na mtandio, amebeba kitu kimefungwa kitambaa cha kitani, amekilaza mikononi jinsi anavyobebwa mtoto mchanga. Klara alikuwa nyuma yake, kimya isivyo kawaida yake. Bibi akapokea, akafungua ncha ya kitambaa, na wote tukaona shingo ya chupa na kizibo chake kilichofunikwa nta.

Sijasahau uso wa baba. Hakuwa mtu wa makelele. Alisimama tu kati ya lango na mlango wa nyumba, akamwambia Bibi kwa upole kabisa, "Mama, hiyo haiingii ndani."

"Najua hamnywi," Mama Klara akasema haraka. "Miaka yote hii nitakosaje kujua? Sikuleta kinywaji, Mama. Nimeleta shamba. Uliniambia cha kwetu." Akaeleza, huku ameinamisha kichwa, kwamba kwao mtoto akizaliwa babu yake humwekea chupa za mwaka ule, na mtoto huyo huzifungua moja moja kwenye siku kubwa za maisha yake. Hiyo ilikuwa ya mwaka aliozaliwa yeye, na ndiyo pekee aliyosafiri nayo. Alitaka Bibi awe nayo. Si kuifungua, kuwa nayo tu, kabatini, yeye akishaondoka. Ni kosa ambalo mtu mwingine asingelifanya. Ilihitaji mtoto wa watu wa mvinyo, aliyekua akiiona chupa kama kipande cha udongo wa kwao, kusahau kwamba ndani yake mna mvinyo.

Wanaume walikuwa wanatazama chini. Bibi hakuirudisha chupa, na hakuingia nayo. Aliishika pale langoni, jua linampiga, na mimi niliyemjua niliona anatafuta njia. Zawadi ya Iddi hairudishwi, na haramu haipiti mlangoni. Kisha uso ukamfunguka.

"Sikiliza, mwanangu," akasema. "Mie nlifunzwa kwenye chuo cha Kurani nikiwa mdogo kuliko hawa. Mvinyo ukigeuka siki wenyewe, bila mtu kuutia kitu, ni halali. Siki yake ni safi. Basi ichukue chupa yako, kaifungue kwako, iache ipigwe na hewa. Ikishakuwa siki, wallahi ntaipokea kwa mikono miwili, na nyama ya Iddi ijayo ntaipaka hiyo." Akamgeukia baba. "Au nnakosea?" Baba akafikiri, akasema hakosei. Bibi akatabasamu, ametatua jambo, ameokoa heshima ya kila mtu.

Mama Klara alikuwa mweupe kuliko ukuta. Sisi hatukuelewa. Alipokea chupa yake, akasema asante, akaenda zake. Ni Klara aliyeniambia baadaye, tumejibanza nyuma ya tangi la maji, kwamba kwa kina babu yake siki ndilo neno lisilotamkwa ghalani. Pipa likigeuka siki hutolewa usiku majirani wasijue. Bibi alikuwa amemwomba mama yake, kwa upendo na tabasamu, aiue chupa pekee aliyosafiri nayo, kati ya zile alizowekewa na babu yake.

Hakuja kesho yake wala keshokutwa. Bibi alimwaga maji uani, akatandika mkeka, akakaa. Alianza kununa, kisha akaacha kununa akaanza kuhofia, na kuhofia kwa Bibi kulikuwa kubaya zaidi. "Nimemwambia nini mie?" alimuuliza mama yangu, na nikamweleza aliyoniambia Klara. Bibi aliinuka mkekani. Akavaa buibui lake, akatoka, na mimi nikamfuata. Tulimkuta Mama Klara jikoni kwake. Chupa ilikuwa dirishani, imefunguliwa, mdomo wake umefungwa kitambaa chembamba, na pembeni palikuwa na bilauri moja tupu.

"Nimekunywa moja," Mama Klara akasema. "Iliyobaki yote ni yako."

"Mwanangu, hukulazimika. Mie sikujua."

"Najua hukujua." Akafuta meza isiyokuwa na uchafu. "Nilifikiri, wewe umeacha shamba zima, mimi nitashindwa na chupa? Na kule ghalani kwa baba zimebaki nyingine za mwaka wangu. Mwisho wa kiangazi nitazikuta." Wakakumbatiana pale, mmoja mrefu mmoja mfupi, na mimi nikaangalia pembeni.

Basi kiangazi kile chote tulikuwa watu wa dirisha. Joto la Maskati lilishuka juu ya paa, lami ikalainika, watu walitoka alfajiri na baada ya magharibi tu. Ila alasiri Bibi alikwenda kwa jirani, akainua ncha ya kitambaa, akanusa. Mwanzoni alirudisha uso haraka na kutema mate upande kwa tahadhari. Mama Klara naye alinusa baada yake, na kila mmoja alisema anachokisikia. Asali ilitangulia kuondoka. Babunaji ikakaa kidogo, ikaondoka. Mama Klara aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida, lakini alikuwa anaaga, hata mimi niliona. Ukali ulikuja polepole kutoka chini, na juu pakajitanda utando mwembamba, ule unaozaa siki, ambao Bibi aliufurahia sana. "Bado," alisema kila siku. "Bado." Na mimi na Klara chini ya dirisha tuliitikia kwa sauti moja, bado, kisha tukakimbia kucheza.

Katikati ya kiangazi mumewe akaja na habari kwamba kiwanda kinamwomba abaki mwaka mmoja zaidi, na amekubali. Mimi niliruka kwa furaha mbele ya watu wote. Mama Klara alimpigia simu babake Ijumaa, kama kawaida yake, akamwambia, mwakani baba, mwakani kwa hakika. Mzee alisema vyema, mizabibu haina haraka. Hakumwambia kwamba miguu imekataa. Hakumwambia kwamba majira yale ya kupogoa aliyafanya akiwa amekaa kwenye kiti, akikisogeza mstari kwa mstari. Siku si nyingi kabla ya kuchuma aliuza kila kitu kwa kampuni kubwa, kilima, mashine na ghala pamoja na vilivyomo, kisha ndipo akampigia binti yake. Alisema hakutaka kumfanya achague kati ya shamba na mumewe.

Siku ya simu hiyo ndiyo siku Bibi alikuwa amesema "Sasa." Asubuhi ile alichovya kidole, akasema Bismillahi, akaonja, akafumba macho. Akaipokea chupa kwa mikono miwili kama alivyoahidi, ikavuka lango letu, na baba mwenyewe ndiye aliyeifungulia mlango. Tulikuwa bado tunaishangilia jikoni pale Mama Klara alipoingia bila hodi. Alisimama katikati ya jiko akasema, "Ameuza. Na ghala. Na zangu zote zilizokuwamo." Kisha akakaa chini, sakafuni, mgongo kwenye kabati.

Bibi hakumwambia asilie. Hakumwambia Mungu atampa zaidi, ingawa wengine walikuja jioni wakamwambia. Alikaa sakafuni naye, goti likamlia, akasema, "Mie nlilia mpaka mume wangu akanichoka. Lia, mwanangu. Hapa hutomchosha mtu." Baadaye alinyanyuka, akamimina siki kidogo kwenye kisahani, akaweka kipande cha mkate kando yake, akamsogezea. "Chukua chako. Chupa nzima, irudi kwako." Mama Klara akatikisa kichwa. Zawadi ya Iddi, alisema kwa sauti ya kukwaruza, hairudi. Akachovya mkate, akatafuna taratibu. Nilimtazama kwa makini jinsi watoto wanavyowatazama watu wazima wanaolia. Alinusa kisahani, akanusa tena.

"Jiwe bado lipo," akasema.

Bibi akakichukua kisahani, akanusa kwa muda. "Lipo," akasema.

Mwaka wa nyongeza ulipokwisha waliondoka, si kwenda kwao, maana hakukuwa tena na pa kwendea, bali kwenye nchi nyingine na kiwanda kingine. Mimi na Klara tuliagana langoni kwa ahadi kubwa za watoto. Tuliandikiana kadi, kisha kadi zikachelewa, kisha zikaacha. Kwenye Iddi ya mwaka ule, kabla hawajaondoka, nyama ya shuwa ilipakwa siki ya Mama Klara, na watu wa mtaa wakauliza kuna nini mwaka huu. Lakini Bibi alikwisha kuamua kwamba haitaisha. Alichukua iliyobaki na ule utando wake, akaimimina kwenye mtungi wa udongo juu ya maji ya tende, nayo maji ya tende yakageuka siki kwa kuifuata. Ikipungua aliongeza tende. Hivyo ndivyo siki inavyofugwa, hulishwa kidogo kidogo, na hailelewi na mtu mwenye haraka. Alipozeeka nililisha mimi. Alipofariki, wanawake waligawana udi wake na vyetezo vyake, na mimi nikaomba mtungi, hakuna aliyenigombania.

Nyumba ya Ghubra ilibomolewa miaka ile mji ulipokuwa unapanda juu. Pale penye ua wetu na ukuta wetu na nyumba yao pana jengo moja la ghorofa lenye duka la simu chini. Nimepita hapo mara nyingi. Naangalia njia ya kuingilia maegesho na kujaribu kukisia dirisha lilikuwa wapi.

Klara alinitafuta kwa mtandao, nami nilikuwa nimeshaolewa na kuhamia Sib. Mwaka uliofuata akaja. Nilimpokea uwanja wa ndege nikamtambua kwa mwendo, na Kiswahili chake kilikuwa kimebaki cha mtoto wa miaka kumi, na changu mimi nikimjibu kikawa hivyohivyo. Mama yake yu hai, aliniambia, anaishi kwenye fleti mjini. Mizabibu ya babu iling'olewa, na kilimani wamepanda mingine ya aina nyingine. Nilimwongoza jikoni nikiwa na moyo unaodunda kuliko siku ya harusi yangu. Nikafungua uzi, nikainua kitambaa. Nilikuwa nimeusubiri uso wake miaka yote hiyo.

Akainama, akanusa kwa namna aliyofundishwa na babu yake, mara fupi, mara ndefu. Akanyanyuka.

"Tende," akasema.

Nilijua. Pua yangu si ya Bibi lakini si ya kupotea. Miaka yote ile ya kuongeza tende, mvinyo wa kina babu yake umebaki wapi? Nilitaka kumwomba radhi. Kumbe alikuwa ameinama tena, na mabega yanamtikisika.

"Ni tende," akasema, "na udi, na ua uliomwagiwa maji. Mama atalitafuta shamba humu na hatalipata. Mimi sikulijua lile shamba. Mimi nina harufu ya kwenu."

Tulilia kama watoto, na mume wangu akatoka na watoto kwenda baraza la nje, mtu wa busara yule. Mama Klara na Bibi walikuwa wamekaa kwenye mkeka wakililia mashamba yao mbele yetu, na sisi tukadhani huzuni ni kitu cha watu wazima walioacha mashamba. Hatukujua kwamba mkeka wenyewe, na alasiri ile, na wao wawili, ndilo shamba letu, na kwamba nalo linauzwa. Klara aliondoka na gudulia dogo la siki lililofungwa vitambaa vitatu. Aliponipigia simu alisema mama yake alinusa, akasema tende, maana pua ile haidanganywi hata kwa mapenzi. Kisha akaliweka dirishani, na mpaka leo analilisha.

Nami nalisha mtungi wangu. Juzi nilimfumba macho binti yangu mdogo, nikamwekea vikombe mezani, hiliki, sabuni, majani ya ndimu, na cha mwisho nikaweka siki. Alivipata vyote. Kwenye kile cha mwisho alikunja uso, akarudisha kichwa nyuma na kuziba pua kwa mikono miwili.

"Hii rahisi," akasema. "Hii nyumbani."

Nikamfungua kitambaa, nikamwambia amepatia, kisha nikageukia sinki nikaosha vikombe visivyokuwa na haja ya kuoshwa.